Vifupisho na istilahi za mawasiliano ya simu: maana, usomaji na tafsiri

Mtu akikosea namba ya siri ya laini yake mara tatu mfululizo, laini hujifunga na kioo cha simu humtaka aandike PUK. Herufi hizo hazimwambii kitu. Hazimwelezi kwamba anatakiwa kuandika tarakimu nane ambazo aghalabu huchapwa kwenye kadi ya plastiki iliyobeba laini siku ya ununuzi, kadi ambayo huenda ilitupwa siku ile ile. Wala hazimwonyi kwamba akizikosea mara kumi, laini hiyo haitafunguka tena. Akifungua kamusi ya jumla hapati msaada, kwa kuwa PUK si neno. Akimuuliza anayejua, huenda akatajiwa maneno ya Kiingereza ambayo herufi hizo zimetokana nayo, na maneno hayo nayo yakahitaji kufasiriwa.

Hali ni tofauti kabisa katika majina ya huduma zinazouzwa. Nchini Kenya, huduma ya kukopeshwa muda wa maongezi iliitwa Okoa Jahazi, jina ambalo kila aliyekulia pwani hulielewa bila kuelezwa. Huduma ya kuendelea kufanya malipo hata salio la M-Pesa likiwa limekwisha iliitwa Fuliza, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutenda jambo mfululizo bila kusita. Sambaza na Songesha ni vitenzi vya Kiswahili fasaha vilivyogeuzwa majina ya biashara. Kwa ujumla, msamiati wa kumshawishi mteja atumie pesa umepewa Kiswahili kizuri, na msamiati unaomwezesha kujilinda, kudai haki yake au kuokoa laini yake umeachwa katika herufi: PIN, PUK, OTP, IMEI, USSD. Kundi hili la pili ndilo linalowasumbua wafasiri na walimu, na ndilo linaloshughulikiwa zaidi hapa.

Namna vifupisho vinavyoundwa na kusomwa

Vifupisho vinavyosomwa kama neno moja huitwa akronimu. Kiswahili kina utaratibu wake wa kuunda akronimu, ambao huchukua silabi badala ya herufi moja moja. TEHAMA ni mfano bora katika uwanja huu: TE kutoka teknolojia, HA kutoka habari, MA kutoka mawasiliano. Umbo TEKNOHAMA nalo hukutwa katika maandishi, lakini lile fupi ndilo lililoenea. Kwa kuwa silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, akronimu ya namna hii hutamkika bila taabu na hukaa katika sentensi kama nomino yoyote. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limepata jina lake kwa njia hiyo hiyo.

Vifupisho vya simu vilivyotoka Kiingereza havina bahati hiyo. Vichache husomwa kama neno: SIM husomwa simu au sim, PIN husomwa pini. Vingine husomwa herufi kwa herufi, na herufi hizo hutamkwa kwa majina yake ya Kiingereza: SMS huwa esemesi, USSD huwa yu-es-es-di. Mwalimu asishangae mwanafunzi aliyezoea kusoma a, ba, cha, da akikwama mbele ya herufi hizo. Hajakosea kusoma, ila amekutana na alfabeti ya lugha nyingine ndani ya sentensi ya Kiswahili. Msomaji wa mashariki mwa Kongo, Burundi au Rwanda aliyesoma kwa Kifaransa hupata tatizo la ziada, kwa kuwa herufi zenyewe hubadilika. Shirika la kimataifa linalosimamia mawasiliano, lililoasisiwa Paris mwaka 1865 na ambalo makao yake yako Geneva, huandikwa ITU kwa Kiingereza na UIT kwa Kifaransa. TEHAMA kwake ni TIC, si ICT. Matini inayokusudiwa kusomwa pande zote mbili iandike jina kamili la Kiswahili angalau mara moja.

Kuna herufi ambazo hazifai kufumbuliwa hata kidogo. GSM ilizaliwa mwaka 1982 kama kifupisho cha jina la Kifaransa la kamati ya Ulaya, Groupe Spécial Mobile. Teknolojia ilipoenea duniani, herufi zikabaki na maneno ya Kiingereza yakatafutwa ili yalingane nazo. Kumweleza mwanafunzi maneno hayo hakumsaidii kujua kwamba GSM ni mfumo wa simu za mkononi wa kizazi cha pili. (Mjini Dar es Salaam herufi hizo huwakumbusha wengi jezi za Yanga, na kampuni inayotajwa hapo haina uhusiano wowote na mfumo huu.) Wi-Fi nayo si kifupisho. Ni jina la kibiashara lililobuniwa mwaka 1999, na jitihada za kuifumbua herufi kwa herufi huzaa maana ambazo hazikuwahi kuwapo. Huandikwa Wi-Fi na kutamkwa waifai. Maelezo yake ni intaneti isiyotumia waya.

M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007, ni mchanganyiko wa aina yake: herufi M imetokana na neno la Kiingereza mobile, na pesa ni neno lililokuwa likitumika pwani kabla ya simu kuwapo. Kiambishi hicho cha herufi moja kimezaa majina mengine mengi, na leo kinafanya kazi kama alama ya huduma za fedha za simu.

Upatanisho wa kisarufi

Kifupisho kinachosimama peke yake huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: SMS imefika, SMS zimefika, MB zimeisha. Hakiongezewi herufi s ya wingi wa Kiingereza. Jina kamili la Kiswahili likitangulia, upatanisho hufuata nomino kuu ya jina hilo. Kwa hiyo huandikwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imetangaza. Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, limetangaza. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umejenga minara. Herufi zikibaki peke yake katika aya zinazofuata, magazeti hurudi kwenye I-ZI, na hakuna kosa kufanya hivyo mradi mwandishi asichanganye TTCL limesema na TTCL imesema katika aya moja.

Mfano wa UCSAF unaonyesha jambo jingine. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ni jina linaloeleweka papo hapo hata kwa mkulima ambaye kijiji chake hakina mnara. Herufi tano zinazolifupisha hazimwelezi kwamba mfuko huo upo kwa ajili ya kijiji kama chake. Pale ambapo Kiswahili kimeshapata jina zuri, mfasiri hana sababu ya kutanguliza herufi.

Laini, kadi na SIM

Mwanafunzi wa kigeni anayekutana na tangazo lisemalo Sajili laini yako, kisha akafungua kamusi, hukuta laini ni kivumishi: -ororo, isiyokwaruza. Neno hilo lina asili ya Kiarabu. Laini ya simu ni neno jingine, lililotoka Kiingereza, na limefanana na lile la kwanza kwa sadfa tu. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI: laini hii, laini zangu mbili.

Laini hubeba mambo matatu kwa pamoja: kipande cha plastiki chenye kisahani cha dhahabu, namba ya simu inayohusishwa nacho, na mkataba kati ya mteja na kampuni. SIM ya Kiingereza hutaja lile la kwanza. Ndiyo maana tafsiri kadi ya SIM hufaa katika mwongozo wa kifaa, penye maelezo ya jinsi ya kuingiza kadi, na laini hufaa kwingine kote: kusajili laini, kufunga laini, kurudisha laini iliyopotea. Mpangilio SIM kadi, ambao ni wa Kiingereza, haufai katika maandishi rasmi. Upana wa neno laini umekuwa faida isiyotarajiwa baada ya kuja kwa eSIM, ambayo haina kadi ya kuchomeka: laini isiyo na kadi ni maelezo sahihi, na kadi isiyo na kadi ingekuwa kichekesho.

Namba ya siri, nywila na OTP

Hapa ndipo uzembe wa tafsiri unapoweza kumgharimu mtu fedha.

PIN kwa Kiingereza ni namba ya utambulisho binafsi. Katika maneno hayo hamna neno la siri. Kiswahili kimeita namba ya siri, au nambari ya siri nchini Kenya, na kwa jambo hili kimeupita Kiingereza, kwani jina lenyewe ni onyo. Hata hivyo si kila PIN ni siri. Nchini Kenya, namba ya mlipakodi inayotolewa na mamlaka ya mapato, KRA, huitwa PIN, na mwenye nayo huiandika kwenye fomu za ajira, za benki na za zabuni bila hofu. Mfasiri anayeandika namba ya siri ya KRA amemwambia msomaji afiche kitu anachotakiwa kukionyesha. Nambari ya mlipakodi inatosha.

Kwenye simu yenyewe kuna namba za siri mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza huifunga laini: huulizwa simu inapowashwa, na ndiyo inayofunguliwa kwa PUK ikikosewa mara tatu. Ya pili huidhinisha malipo katika huduma ya fedha, na PUK haihusiki nayo kabisa. Mwongozo unaosema tu weka namba ya siri humwacha msomaji akibahatisha. Iandikwe namba ya siri ya laini kwa ile ya kwanza, na namba ya siri ya M-Pesa, au ya huduma nyingine inayohusika, kwa ile ya pili. PUK yenyewe inaweza kuitwa namba ya kufungulia laini, na herufi zake zibakizwe kando yake, kwa kuwa ndizo msomaji atakazoziona kwenye kioo na kwenye kadi.

Nywila ni neno jingine lenye kuhitaji mipaka. Linafaa kwa siri inayoweza kuwa na herufi, tarakimu na alama, kama ile ya barua pepe. Programu nyingi za kompyuta na simu huandika nenosiri, na baadhi ya watu husema neno la siri. Yote matatu yana maana moja, na mwandishi achague moja alifuate hadi mwisho wa matini. Lisitumiwe kwa PIN, ambayo ni tarakimu tupu.

OTP ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ni tarakimu zinazotumwa na benki, kampuni ya simu au programu ya intaneti kwenye simu ya mteja, hutumika mara moja tu, na hufa baada ya dakika chache. Tafsiri mbili zimezagaa. Ya kwanza ni namba ya siri bila nyongeza. Mteja amefundishwa kwa miaka kwamba namba ya siri ni ile aliyoichagua mwenyewe na kuihifadhi kichwani. Akipata ujumbe usemao namba yako ya siri ni 482913, atadhani ya zamani imebadilishwa. Tafsiri ya pili ni msimbo wa uthibitisho, au namba ya uthibitisho. Hii haina utata huo, lakini imelipoteza neno siri, na tapeli huishi katika mwanya huo. Tapeli mjuzi haombi namba ya siri, kwa kuwa anajua kila mtu ameonywa. Huomba zile namba sita zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi, ili tuthibitishe usajili. Aliyefundishwa kulinda namba ya siri haoni kwamba amevunja fundisho lolote anapozisoma.

Kwa sababu hiyo namba ya siri ya mara moja ni tafsiri bora kuliko hizo mbili. Ni ndefu, na wabunifu wa programu hulalamikia nafasi, lakini imebeba onyo na imebeba tofauti. Nywila ya mara moja inakubalika kwa wasomaji waliozoea neno nywila. Kiswahili cha mitaani kina desturi ya kuziita tarakimu zote namba, iwe ya simu, ya siri, ya vocha au ya kumbukumbu ya malipo, na ulaghai maarufu wa ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii hutegemea ulegevu huo huo: mpokeaji hujaza mwenyewe kwamba namba hii ni ya mtu anayemjua. Matini ya kitaalamu isiache neno namba likasimama bila sifa.

Tarakimu za kifaa, za laini na za mtu

IMEI ni namba ya kifaa. Ina tarakimu 15, na mtu akipiga *#06# huiona kwenye kioo; simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Nchini Tanzania kifupisho hiki kilitoka kwa mafundi na kuingia katika mazungumzo ya kila siku mwezi Juni 2016, simu bandia zilipozimwa na wananchi wakahimizwa kukagua IMEI zao. Namba ya utambulisho wa kifaa ni tafsiri sahihi. Namba ya simu haifai, kwa kuwa neno simu humaanisha kifaa, mazungumzo na laini kwa wakati mmoja. Utata huo hudhihirika simu inapoibwa: kufunga laini humzuia mwizi kutumia namba na fedha za mwenye laini, na kufunga kifaa kwa kutumia IMEI humzuia kukitumia kwa laini nyingine. Maelezo yasemayo simu itafungwa hayamwambii aliyeibiwa ni lipi kati ya hayo limefanyika.

Laini ina tarakimu zake mbali na namba ya simu. ICCID ni ile iliyochapwa mgongoni mwa kadi, yenye tarakimu 19 au 20 zinazoanza na 89. IMSI imehifadhiwa ndani ya kadi na mtumiaji wa kawaida haioni. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi, yaani 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya, 641 kwa Uganda. Hizi zisichanganywe na 255, 254 na 256, ambazo ni tarakimu za kupigia simu kutoka nje ya nchi. Zote mbili zimewahi kufasiriwa msimbo wa nchi. Msimbo wa nchi ubaki kwa zile za kupigia, na hizi nyingine ziitwe msimbo wa nchi wa mitandao ya simu.

Tarakimu za mtu ziliungana na za laini Tanzania ilipoanza usajili kwa alama za vidole mwaka 2019, ambao ulidai namba ya kitambulisho cha taifa. NIDA ni kifupisho cha jina la Kiingereza la Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, lakini tangu wakati huo mtu husema sina NIDA akimaanisha hana kitambulisho, au hana zile tarakimu 20. Jina la ofisi limekuwa jina la kadi, kisha jina la namba. Katika mazungumzo ya wahusika wa riwaya au tamthilia, NIDA iachwe ilivyo. Katika mkataba, iandikwe namba ya kitambulisho cha taifa.

Kupiga na kutuma: USSD na SMS

Kupiga simu kuna umri mrefu kuliko simu ya kuzungumzia. Neno simu limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinalipa neno hili maana ya telegrafu na ya habari iliyotumwa kwa telegrafu. Mfasiri wa barua za zama hizo akikutana na alinipigia simu asiwape wahusika chombo cha kuzungumzia ambacho hawakuwa nacho.

Kitenzi hicho kimepata kazi mpya katika USSD, mfumo unaoanza na alama * na kuishia na alama #. Tanzania alama hizo huitwa nyota na reli. USSD hupigwa, haitumwi: piga *150*00#, kisha chagua. Ujumbe mfupi hutumwa: tuma neno fulani kwenda namba fulani. Matangazo yanayosema tuma *150*00# huwafanya wasomaji wasiozoea kufungua ukurasa wa ujumbe na kuandika nyota na reli humo, na wasipate jibu. Tofauti nyingine ni kwamba SMS hubaki kwenye simu, na ukurasa wa USSD hupotea mara tu mawasiliano yanapokatika. Anayefasiri maelekezo ya malipo aseme wazi ni lini mteja atapokea ujumbe wa kumbukumbu, maana menyu aliyoiona haitarudi. USSD haina tafsiri iliyokubalika. Menyu ya simu hutosha kwa msomaji wa kawaida.

SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa salamu ya Krismasi. Kwa Kiswahili huitwa ujumbe mfupi wa maandishi, na katika mazungumzo meseji. Wingi wa ujumbe ni jumbe, ingawa baadhi ya waandishi hukwepa umbo hilo kwa kuwa jumbe pia ni cheo cha mtawala wa zamani. Muktadha huondoa utata, na jumbe fupi ni sahihi.

Ukomo wa herufi 160 unajulikana na wengi. Usiojulikana sana ni masharti yake, na yanawagusa moja kwa moja waandishi wa Kiswahili. Ukomo huo unahusu seti ndogo ya herufi zilizokubaliwa katika mfumo wa GSM. Herufi moja tu isiyokuwamo ikiingia, ujumbe wote huandikwa kwa mfumo mwingine na ukomo hushuka hadi herufi 70. Kiswahili sanifu hakina herufi zenye vitone wala mikwaju, hivyo kinaonekana kuwa salama. Kinachokiponza ni ng'. Alama iliyonyooka, kama ilivyo katika ng'ombe na ng'ambo, imo katika seti. Alama iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe, haimo. Ujumbe wa chanjo ya mifugo wenye herufi 150 na ng'ombe mmoja mwenye alama iliyopinda hautapita kama ujumbe mmoja. Ujumbe mrefu hugawanywa katika vipande, na kila kipande chini ya mfumo huo wa pili hubeba herufi 67, kwa hiyo utakuwa vipande vitatu na mtumaji atalipia vitatu kwa kila mfugaji. Alama za kufunga na kufungua usemi zilizopinda huleta hasara hiyo hiyo. Mfasiri wa jumbe za namna hii azikague alama kabla ya kukabidhi kazi.

Vizazi na vipimo

2G, 3G, 4G na 5G hufasiriwa kizazi cha pili, cha tatu, cha nne na cha tano, na hapo hapana mzozo. LTE, inayoandikwa juu ya kioo mahali pa 4G, isifasiriwe neno kwa neno. Mageuzi ya muda mrefu, kama baadhi ya tafsiri zinavyosema, humfanya msomaji afikirie sera ya serikali. Mtandao wa kizazi cha nne unatosha.

Vipimo vya data vinataka macho makali zaidi. MB yenye B kubwa ni megabaiti, kipimo cha kiasi, na ndiyo inayouzwa katika vifurushi, au mabando kwa lugha ya vijana. Mb yenye b ndogo ni megabiti, na hutumika kutaja kasi kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hushusha megabaiti 1 kwa sekunde, na faili la gigabaiti 1 huchukua takriban dakika 17. Mfasiri aliyeandika megabaiti 8 kwa sekunde ameahidi kasi mara nane ya ile iliyomo katika mkataba.

Mtandao na masafa

Mtandao, kutoka kitenzi -tanda, ni neno lililochoshwa kwa kazi. Hama mtandao humaanisha kampuni. Hakuna mtandao humaanisha mawimbi ya mnara hayafiki. Nimeisoma mtandaoni humaanisha intaneti. Mtandao wa wizi ni watu. Huduma inayofupishwa MNP, iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, humruhusu mteja kuhama kampuni akibaki na namba yake, na wengi waliposikia kuhama mtandao bila kubadili namba walielewa mara moja. Hapo muktadha ulisaidia. Katika mkataba au kitabu cha kiada, kampuni ya simu, mawimbi na intaneti zipewe kila moja neno lake, na mtandao ubaki kwa maana ya mfumo wa minara, nyaya na mitambo iliyounganishwa.

Masafa nayo, yenye asili ya Kiarabu, yalikuwa umbali kati ya mahali na mahali. Redio ikaja na mawimbi mafupi yakaitwa masafa mafupi, ingawa ndiyo yanayosikika mbali kuliko mengine yote, na mwalimu wa fizikia hulazimika kueleza kinaya hicho kila mwaka. Leo masafa ya redio ndiyo istilahi rasmi ya kile ambacho serikali hukigawa kwa kampuni za simu na vituo vya utangazaji. Ni nomino ya wingi: masafa haya, masafa yaliyogawiwa. Matatizo huanza neno ya redio linapoachwa, kwani ada za masafa zaweza kusomwa kama nauli, na simu za masafa marefu bado ni zile za kupigia mji wa mbali. Katika leseni iandikwe ada za matumizi ya masafa ya redio, kila mara kwa ukamilifu wake.